Yumo

Habari hii nimeipata kwa mdogo wangu, yule mtawa, juzi Jumatatu alipokuja kwangu. Tulikuwa tumekaa kitandani tunakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, yeye mashuka, mimi nguo za wajukuu. Alinieleza huku anajigusagusa shingo, nami nikadhani amekula kitu kimemkwama. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, lakini tangu avae shela hata mimi namwita Sista, na yeye ananiita Dada. Wajukuu wanatucheka, wanasema hawajui nani mkubwa.

Sista kazi yake ni kutunza kikanisa cha chuo kikuu. Chuo chenyewe ni cha Kanisa. Msalaba uko juu ya geti, uko kwenye nembo, uko mpaka kwenye vikombe vya chai. Yeye anafua vitambaa vya altare, anabadilisha maua, na anaangalia taa nyekundu iliyo kando ya tabernakulo isizimike. Kwa asiyejua, tabernakulo ni kile kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, na sisi Wakatoliki tunasadiki kwamba Ekaristi si mkate tena, ni Bwana mwenyewe. Taa ikiwaka, mwenye nyumba yupo. Ndiyo maana ukipita mbele yake unapiga goti. Kile cha chuo ni chuma kitupu, kizito, rangi ya dhahabu imebanduka pembeni. Ufunguo ni mmoja, na Sista alikuwa akiuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Sasa, kulikuwa na maneno kwamba kikanisa kitageuzwa chumba cha kompyuta, maana wakaguzi wa vyuo walikuwa njiani na chuo hakikuwa na chumba cha maana. Padre wa wanafunzi alipoondoka kwenda kumzika kaka yake alimwambia Sista, "Nimekubaliana na Naibu. Hakiguswi kitu mpaka nirudi. Na wewe usihamishe kitu." Sista akasema sawa, Padre, pole na msiba.

Naibu ni Naibu Mkuu wa Chuo, mwanamke msomi kwelikweli, ndiye anayeendesha kila kitu pale. Wafanyakazi wanamwita Mama Dakika, kichinichini, kwa sababu ukiingia ofisini kwake anatazama saa kabla hajakutazama wewe.

Asubuhi moja Sista akatoka kumpelekea komunyo mwanafunzi aliyelazwa hospitali. Akakawia, kwa kuwa binti alikuwa na homa na hakutaka kuachiwa mkono. Aliporudi akakuta mlango wa kikanisa umezuiwa na jiwe usijifunge. Ndani hakuna benchi hata moja. Kuna meza, nyaya zimetambaa sakafuni, na vijana wawili wamesimama juu ya altare na viatu vyao, wanafunga kitu darini.

"Shukeni hapo!"

"Tunamalizia, Sista."

Hata hakuwasikia. Alikuwa anatazama ukuta. Pale penye tabernakulo palikuwa na matundu ya skrubu na vumbi la plasta. Taa nyekundu ilikuwa chini, imezimwa, imetiwa kwenye ndoo pamoja na brashi za rangi.

"Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Lile sefu?" akasema mmoja wao. "Limeenda karakana. Ufunguo umetafutwa ofisini haupo, kwa hiyo wanalikata."

"Sefu?"

"Si ndilo sefu la sadaka?"

"Kijana yule yuko mwaka wa tatu pale pale, Dada," Sista akaniambia, na shuka likamponyoka. "Mwaka wa tatu!"

Akashika njia ya karakana. Iko nyuma ya jiko la chuo, kwenye mteremko, na goti la Sista ni bovu tangu zamani. Kabla hajafika akausikia ule msumeno wa umeme wa kukatia chuma. Mlio wake mnaujua, unaingia mpaka kwenye meno. Anasema hakuweza kusali hata neno. Alikuwa anasema tu, bado, bado, bado.

Ndani fundi wa kuchomelea, wanayemwita Cheche, alikuwa ameinama na miwani yake meusi. Tabernakulo imelazwa chali juu ya benchi, na msumeno umeshaanza kuula ukingo wa mlango. Kupiga kelele kusingefaa, fundi asingesikia. Sista akaweka kiganja juu ya mlango ule. Cheche za moto zikamtoboa mkono wa gauni.

Fundi akazima mashine. "Mama! Unataka nikukate mkono?"

"Kata."

"Nikate niende jela? Mimi nimeletewa kazi tu."

Kando alikuwa amesimama msimamizi wa majengo, baba mmoja mnene, mpole, ambaye jina lake la kazini ni Ndiyo Mama, na mnajua limetoka wapi. Sista akamgeukia huyo.

"Hili si sefu, na wewe unajua si sefu. Unaimba besi kila Jumapili."

"Nilimwambia Naibu tumsubiri Padre," akasema, macho chini. "Akaniuliza kama nimechoka kazi."

"Ukajibuje?"

"Nikasema ndiyo mama. Hapana! Yaani nikasema hapana, mama. Sista, nina watoto."

Cheche alicheka peke yake, akaacha. Msimamizi alikuwa ameshapiga simu, na viatu vya Naibu vilikuwa vinasikika nje, vinagonga sakafu. Akaingia. Akatazama saa, kisha kamba iliyo shingoni mwa Sista.

"Kumbe ufunguo unao wewe, Sista! Umetupotezea asubuhi nzima. Fungua, msimamizi aandike vilivyomo, tuendelee na kazi."

"Hapa sifungui."

"Kwa nini?"

"Angalia benchi lenyewe." Lilikuwa na grisi, unga wa chuma, na kipande cha mkate ambacho Cheche alikuwa hajakimaliza.

Naibu akashusha pumzi. "Sikiliza. Tarehe imesogezwa. Wakaguzi wanaingia kesho. Wasipokuta chumba cha kompyuta wanafunga idara nzima. Wale watoto wa watu nitawapeleka wapi? Au utawafundisha wewe, na rozari yako?"

"Sijakataa kompyuta. Mlikubaliana na Padre."

"Padre anazika, simu yake haipatikani."

"Mimi ningepatikana."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Kwa mwanafunzi wako."

Naibu akalainisha sauti. "Haya, tusigombane. Chukua sanduku lako uende nalo utawani kwenu. Dereva yupo, gari lipo, sasa hivi. Yaishe."

Hapo Sista aliacha kukunja nguo. Aliniambia kwamba alikuwa karibu kabisa kusema asante. Goti linamuuma, mkono wa gauni unanuka moshi, na utawani kuna kikanisa safi, kina masista wa kupiga magoti. Angefika, angeweka, angelia, basi. Lakini akaona jambo moja wazi kama anavyoniona mimi. Bwana akitoka getini leo, harudi. Baada ya wakaguzi utakuja mtihani, baada ya mtihani utakuja ukarabati, na hakuna atakayesema wamemfukuza. Watasema amehamishwa. Na msalaba utabaki kwenye vikombe vya chai.

"Haendi utawani," akasema.

"Nani haendi?"

Sista akakaza kiganja juu ya mlango wa tabernakulo.

"Nimekwambia ufungue, hutaki. Nimekupa gari, hutaki." Naibu akageuka. "Fundi, washa."

Cheche akamtazama msimamizi. "Bosi?"

"Ndiyo mama," akasema msimamizi, kwa sauti ya mtu anayezama.

Fundi akashusha miwani. Sista akalala kifudifudi juu ya tabernakulo, kifua kizima, na shela lake likaingia kwenye grisi.

"Inuka, Sista."

"Siinuki."

Naibu akainama mpaka karibu na sikio lake. "Nikimpigia simu Mama Mkuu wenu, mwezi ujao uko kwenye shamba la shirika unalisha kuku. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi niambie kuna kitu gani humo cha kukufanya upoteze kazi. Kuna nini humo?"

"Yumo."

"Nimeuliza kuna nini!"

"Na mimi nimekujibu. Kitu hakuna. Yumo."

Msumeno ukaanguka chini. "Yumo nani?" Cheche amevua miwani, macho yamemtoka. "Mmefungia mtu humu? Mtoto? Astaghfirullah, na mimi nimeshaanza kukata!" Akamsogeza Sista kwa bega, akapiga chuma kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "We! Unanisikia? Vumilia, tunakutoa!"

Hakuna aliyecheka. Msimamizi alivua kofia akageukia ukuta. Naibu alisimama vilevile, lakini Sista, kwa pale chini alipokuwa, aliliona goti lake la kulia. Lilikunjika. Lilianza kwenda chini lenyewe, kama la mtoto aliyezoeshwa, naye akadaka benchi asianguke. Alipouinua mkono ulikuwa mweusi wote. Akautazama ule mkono. Saa hakuitazama.

"Si mtoto, fundi," akasema. "Ni mambo yetu ya kanisa."

"Mambo, au mtu?" Cheche akauliza.

Nje sufuria zilikuwa zinagongana jikoni. Fundi bado anasubiri jibu, maana kwake lilikuwa swali la kweli, alitaka kujua kama amnusuru mtu au aendelee na kazi.

"Lipelekeni ofisini kwangu," Naibu akasema mwishowe. "Pana kufuli. Mpaka Padre arudi."

"Na taa," akasema Sista, akijiinua.

"Taa gani tena?"

"Yake. Wameitia kwenye ndoo."

"Na taa."

"Na isizimwe."

"Sista, usinichoshe."

"Isizimwe."

"Na isizimwe!" Naibu akapiga kelele, akatoka.

Wakaibeba wawili, Cheche mbele na msimamizi nyuma, Sista akitangulia na ufunguo mkononi, shela limechafuka kama nguo ya fundi gari. Wakapita katikati ya wanafunzi. "Sista, mnahamisha friji?" mmoja akauliza. Mwingine akachomoa vile vitu vya masikioni akapiga goti pale pale kwenye kokoto. Wenzake walimcheka, naye hakuinuka mpaka wakapita.

Wakaiweka juu ya kabati la mafaili, nyuma ya kiti cha Naibu, na taa wakaichomeka kando ya birika la umeme. Shida ikaanzia hapo. Mhasibu akaingia na karatasi zake, akaona taa, akapiga goti, uso umeelekea kwa Naibu.

"Wewe! Unanifanyia nini?"

"Si wewe, mama."

Akaja mpishi mkuu, goti. Akaja yule profesa mzee anayetembelea fimbo, akashuka taratibu, ikabidi ainuliwe. Na kila mmoja, si wewe, mama. Naibu akakihamishia kiti upande wa pili wa meza, na sasa wanampigia magoti mgongoni. Wengine waliingia wakasimama wima kama kawaida, na Sista, aliyekuwa amekaa kwenye kona na rozari, aliona Naibu anawatazama hao kwa muda mrefu zaidi kuliko wale wa magoti.

Kesho yake wakaguzi walikiona chumba cha kompyuta, wakaridhika, wakaletwa ofisini kunywa chai. Mmoja akanyoosha kidole. "Hiyo taa nyekundu ni ya nini? Ya hatari?"

Naibu akaweka kikombe chini. "Maana yake yumo," akasema. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika anachokijua mwenyewe.

Padre aliporudi Naibu hakumpa hata nafasi ya kupewa pole. "Chukueni chumba cha vikao kiwe kikanisa. Sisi wa vikao tutajibana. Mimi kazi ya kupigiwa magoti siiwezi." Na ndiyo ilivyokuwa. Tabernakulo iko kule, ina alama ya msumeno kwenye ukingo. Padre alitaka ipakwe rangi, Sista akamwomba aiache.

"Basi ameamini," nikasema.

"Sijui, Dada. Labda amechoka tu. Lakini ile simu ya Mama Mkuu aliipiga. Aliipiga siku ile ile, kabla hajanawa ule mkono."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja likizo. Amekuja kusubiri kujua kama anarudi chuoni au anakwenda kwenye kuku. Na shingoni hana kamba, mkono unatafuta kisichokuwepo.

"Ufunguo umemwachia nani?"

"Padre aliniuliza nani aushike. Nikasema Ndiyo Mama."

"Huyo!" Nikaweka nguo chini. "Si atautoa kwa wa kwanza kumuuliza?"

"Nimemfanyisha mazoezi. Nilimketisha pale benchi la mbele, nikajifanya Naibu, nikamwambia lete ufunguo. Mara ya kwanza akaingiza mkono mfukoni." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Tukarudia. Tukarudia tena. Mwisho akasema, hapana, mama. Jasho lilikuwa linamtoka, Dada, lakini alisema."

Nikamuuliza kama anaogopa kwenda kulisha kuku. Nilipogeuka alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, mkono bado uko shingoni na nusu ya shuka mapajani. Jua la mchana lilikuwa linampiga usoni, nikavuta pazia. Sista alikuwa ameshalala.