Anayesema Mwaga

"Hivi huyo Cornelius wenu anakula nini," Tina Hildebrandt alimwuliza siku moja, wakiwa wanakwangua theluji kila mmoja upande wake wa njia, "kama kila chupa anayoiona anasema imwagwe?"

Agatha Neufeld alicheka mpaka akaegemea koleo lake. Lakini swali la jirani lilimfuata ndani, na hata alipokaa kunywa kahawa lilikuwa bado halijavua koti.

Kundi la mtandaoni la wasindikaji, ambamo Cornelius alitoa maonyo hayo, Agatha alilianzisha mwenyewe, majira ya baridi yale yale aliyofariki mumewe Abe, alipoona jioni ni ndefu na chumba cha chini kina chupa nyingi kuliko midomo. Kazi yake ilikuwa kupika katika nyumba ya wazee hapo mjini, kusini mwa jimbo la Manitoba. Kusindika alifundishwa na mama yake: matango ya siki, bitiruti, pichi, mchuzi wa nyanya, vyote ndani ya chupa za kioo, vya kuliwa dunia ya nje ikiwa nyeupe. Alidhani watajiunga majirani wachache. Wakajiunga watu wa majimbo asiyowahi kuyakanyaga.

Walituma picha na kuulizana. Aliyependa kitu alibonyeza moyo. Kila Oktoba, mavuno yakishaingia, wale waliokaa karibu walikusanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Kila mmoja alileta chupa moja, ikafungwa utepe wa kijani mlangoni, ikawekwa kwenye meza ndefu. Mwenye kutaka alifungua, wakaonjeshana. Mwenye duka la vifaa alitoa sufuria kubwa ya presha, na aliyepata mioyo mingi kuliko wote mwaka ule ndiye aliyeibeba.

Kila mwaka aliibeba Marlene Giesbrecht. Marlene alizipiga chupa zake picha dirishani, jua likizipitia, na kitambaa cha kufuma chini yake. Pichi zake ziling'aa kama vioo vya madirisha ya kanisa kubwa. Sufuria alizokwisha kupata zingetosha kufungua duka.

Cornelius Wiebe hakutuma picha hata moja. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na kwenye kundi mara nyingi yeye alisoma tu. Mtu akiandika kwamba amechemsha maharagwe machanga kwenye maji matupu, bila presha ya kuua vijidudu, Cornelius alijibu kwa maneno machache, kama anayelipia kila herufi: "Mwaga. Usionje kwanza. Sumu yake haina harufu."

Hakuna aliyebonyeza moyo. Nani ampende mtu anayemwambia jasho la wiki nzima liende shimoni? Walimwaga, wakanuna, wakaendelea kuishi. Na kwa kuwa waliendelea kuishi, walimwona mzee mwenye gubu.

Hilo ndilo lililomkaa Agatha rohoni baada ya swali la Tina. Adui asipokuja, alifikiri, mlinzi huonekana amelala. Aliliombea jambo hilo usiku kadhaa, akipiga magoti upande wa kitanda uliokuwa wa Abe. Theluji ilipoanza kuyeyuka, akaandika kwenye kundi kwamba kuanzia siku ile kila onyo litolewalo kwa nia njema litahesabiwa mioyo kumi.

Akalala vizuri. Alidhani amemtendea mtu haki.

Stroberi ziliiva Juni. Janelle Reimer, mama kijana wa kijiji cha pili, aliwapeleka wanawe wawili shambani wakachuma hadi magoti yao yakawa mekundu. Akapika jemu, mara yake ya kwanza maishani, akatuma picha ya chupa zikiwa zimepangwa juu ya taulo. Chini akauliza, kwa aibu ya mgeni: lile povu jeupe lililo juu ni la kawaida?

Marlene alikuwa wa kwanza. "Mwanangu, povu hilo linaninyima raha. Mwaga, nitulie."

Akafuata mwingine. "Naunga mkono. Mwaga."

"Watoto kwanza. Mwaga, dada."

"Mimi nisingelilisha hata nguruwe."

Agatha alikuwa kazini, akiponda viazi vya wazee, simu ikiwa ndani ya mkoba kabatini. Alipotoka, Janelle alikuwa ameshatuma picha nyingine: beseni la jikoni, jekundu tangu ukingo hadi ukingo. "Nimemwaga yote. Watoto wanalia na mimi nalia. Asanteni kwa kunijali."

Agatha alisimama penye maegesho ya magari, akapandisha kidole taratibu akisoma onyo baada ya onyo. Katikati yao, mistari mitatu ya Cornelius.

"Ni povu la kuchemka tu.
Jemu haina neno.
Kuleni."

Haikuwa na moyo hata mmoja. Wala haikustahili ile kumi, maana haikuwa onyo.

Baada ya siku ile Cornelius hakuandika tena. Matango yakapita, mahindi yakapita. Watu walionyana kuhusu kila kitu, hata rangi ya vifuniko. Septemba mtu mmoja akaandika kwa furaha kwamba amejaza chupa za supu ya kuku, amezichemsha kwenye maji ya kawaida, na mke wake amezipanga tayari kwa majira ya baridi. Agatha mwenyewe akamwandikia: mwaga, ndugu yangu, usionje.

Jibu lilikuja upesi. "Bi. Agatha, wiki iliyopita mliniambia nimwage asali. Asali! Nimewachoka."

Alimtafuta kwa simu. Akampata. Akambembeleza, akamweleza, akambembeleza tena, mpaka akasikia kwa masikio yake supu ikishuka shimoni na mke akilalamika nyuma. Akakata simu. Namba ya huyu Agatha alikuwa nayo. Je, wale ambao hakuwa na namba zao?

Jumamosi akapika mikate midogo ya siagi, akaenda kwa Cornelius.

Alimkuta gereji, ananoa visu vya jirani. Nywele zilikuwa zimekwisha, nyusi zimebaki.

"Nimekuja kukuomba urudi," alisema Agatha.

"Sijaenda mahali."

"Unajua ninachosema, ndugu Wiebe."

Mzee akajaribu makali kwenye ukucha wake. "Zamani nikisema mwaga, walinichukia na walimwaga. Sasa umewafanya wote kuwa mimi. Honi zikipigwa zote kwa pamoja, nani atatazama barabara?"

"Nilitaka upate haki yako."

"Haki gani, ya sufuria? Sufuria ninayo."

"Basi shukrani. Kila mtu anapenda kushukuriwa."

"Nimeendesha basi tangu nikiwa na nywele, Agatha. Hakuna mzazi aliyenipigia simu jioni kuniambia asante, leo basi halikupinduka." Akatabasamu upande mmoja. "Angenipigia ningeshtuka. Ningetoka nje kukagua magurudumu."

"Sasa unataka nini?"

Cornelius alikifunga kisu kwenye gazeti.

"Chai," akasema. "Na mikate hiyo, kama si ya maonyesho."

Aliingia kuweka birika. Agatha alibaki mlangoni mwa jikoni, karibu na ngazi ziendazo chumba cha chini, na kwa mazoea ya mtu wa kusindika akatazama rafu. Zilikuwa safi, zimepangwa, kila kifuniko na mwaka wake. Lakini ubao wa juu kabisa ulikuwa na chupa za bitiruti peke yake, na kila moja ilikuwa na utepe wa kijani shingoni.

Alizitambua tepe zile. Yeye ndiye aliyezikata.

Chupa moja kwa kila karamu ya Oktoba, tangu ya kwanza. Zote zimefungwa kama zilivyotoka nyumbani. Pale ukumbini watu walikuwa na mzaha wao: chupa ya Cornelius ina ladha ya mahubiri. Walizunguka meza, wakafungua pichi za Marlene, wakafungua za kila mtu, na mwisho wa jioni mzee alivaa kofia akaondoka na chupa yake kwapani. Agatha alikuwa akicheka pamoja nao.

Walikunywa chai, wakazungumza juu ya mvua iliyochelewesha mavuno.

Jioni ya karamu ukumbi ulijaa. Kulikuwa na soseji za shambani, viazi, supu ya kabichi, na meza ndefu ikimeta chini ya taa. Chupa ya Cornelius ilikuwa imesogezwa pembeni, karibu na bilauri za karatasi. Mwenyewe aliketi karibu na ngazi, kofia gotini. Janelle alikuja na wanawe, akasema hapana, yeye hakuleta chupa. Tangu ile jemu hajawasha jiko kwa kazi hiyo.

Sufuria mpya ilikuwa juu ya kiti mbele ya watu. Baada ya sala, Agatha akasimama kando yake. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Aliishika ile sufuria sikio moja ili mkono upate kazi.

"Mwaka huu sufuria haiendi kwa mtu," alisema. "Itakaa jikoni hapa kanisani, atakayeihitaji ataazima. Na tangu leo sihesabu mioyo, wala sihesabu maonyo. Mtu akijua kitu, aseme. Asipojua, anyamaze. Kosa lilikuwa langu."

Marlene akaweka uma chini.

"Yaani tumekodoa macho kwenye simu kiangazi kizima, tunawalinda watu, halafu sufuria anapewa jiko?"

"Jiko angalau halijamwambia mtu amwage asali," alisema Tina Hildebrandt, na ukumbi ukaangua kicheko.

Marlene hakucheka. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa wekundu. "Sawa, ya maonyo nimekosa. Na picha je? Picha zangu zimemdhuru nani? Watu walizipenda, Agatha. Kuna siku nilikuwa nikiamka, nakuta watu wamezipenda, ndiyo naenda kuweka kahawa. Nayo hiyo unaifuta?"

Wana wa Marlene walikuwa mbali, jimboni Alberta, wote, na kila mtu alijua hawapigi simu. Agatha alikuwa amepima jambo hili upande wa Cornelius kwa miezi, amelipima upande wa Janelle, na upande huu hakuwahi kuupima.

"Sijui," alisema. "Kweli, Marlene, sijui."

Akaiacha sufuria. Akaenda mwisho wa meza, akasogeza bilauri za karatasi, akaichukua chupa ya bitiruti yenye utepe wa kijani. Akarudi nayo mahali pake, akaketi, akaweka dole gumba katikati ya kifuniko, kama wafanyavyo wasindikaji kupima kama chupa haikuingiza hewa.

Mazungumzo yalipungua meza kwa meza. Kutoka penye ngazi sauti ikauliza:

"Umebonyeza kifuniko?"

"Nimebonyeza, ndugu Wiebe."

"Kimeingia ndani?"

"Kimeingia."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja. Agatha akapenyeza ncha ya kisu chini ya ukingo, na kifuniko kikatoa ule mlio wake mdogo, pumzi iliyofungiwa tangu kiangazi. Akachoma kipande, akala. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa na karafuu, na kitu kingine alichokijua utotoni na jina lake limempotea.

"Kina nini?" Janelle aliuliza.

"Onja."

Janelle akaonja, akampa mwanawe mkubwa, na mtoto akashika kipande cha pili kwa vidole kabla hajaruhusiwa. Tina akanyoosha mkono. "Leteni hapa hayo mahubiri." Chupa ikapita, maji yake mekundu yakidondokea kitambaa cha meza, na hakuna aliyejali kufuta. Ikafika kwa Marlene. Marlene aliishika kwa mikono miwili, akaiinua kidogo kuelekea taa, kama alivyozoea, akaitazama kitambo. Kisha akachukua kipande kimoja chembamba, akaipitisha kwa jirani yake.

Cornelius alisimama. Alivaa kofia, akaiweka sawa mbele na nyuma. Watu walidhani atasema kitu; Agatha naye alidhani hivyo, akaacha kutafuna. Mzee alitazama meza, chupa ilipokuwa imefika, akageuka akapanda ngazi bila chupa kwapani, mikono yake mitupu ikining'inia, kama ya mtu anayehisi amesahau kitu na hakumbuki ni nini.