Chakula cha Mokeira

Alama za vidole vinne zilitokeza kwenye shavu la Mokeira, nyekundu, zimevimba, kana kwamba mtu alikuwa amemzaba kofi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani alisimama, akamtazama mtoto, kisha akamtazama baba yake kwa jicho ambalo Nyangau hakulisahau. Alisonya tu, akashika njia.

Nyangau hakuwa amempiga bintiye. Alikuwa ametoka zizini kukamua, akamkuta Mokeira amesimama mlangoni akimnyoshea mikono, akampapasa shavu. Vidole vyake vilikuwa na maziwa yaliyokwisha kukauka. Hilo tu. Caren, mkewe, alipotoka jikoni na kitambaa kibichi, alama zilikuwa zimeinuka kama zimechorwa. Alimpangusa mtoto bila papara, akamnywesha dawa aliyoandikiwa na daktari, kisha akaketi kizingitini akiwa amempakata, akiangalia kifua chake kikipanda na kushuka mpaka wekundu ulipofifia.

"Sasa umeona," alimwambia mumewe. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kwa maana kabla ya asubuhi ile, Nyangau alikuwa hajaamini. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Katika soko la mifugo la Ogwedhi wafanyabiashara walimwita wenyewe aje kuwatazamia fahali meno na kwato kabla hawajalipa. Nyumba yao ilijulikana kwa maziwa. Mama yake, Susana, aligandisha maziwa kwenye vibuyu alivyovifukiza kwa moshi wa mti aliouchagua mwenyewe, na mgeni aliyeingia pale hakuulizwa habari za safari kabla ya kukabidhiwa kikombe. Nyangau alikua akinywa maziwa hayo, na alipougua aliponea humo. Kwa hiyo Caren aliposema kwamba mtoto wao mchanga anadhurika kwa maziwa, alimsikia kama mtu anayeambiwa kuna mtoto anayedhurika kwa jua.

Susana yeye alisikia jambo jingine kabisa. Caren alikuwa ametoka Kosele, kwa watu wa ziwani na wa mashamba ya njugu, na mama mkwe alidhani bibi huyo mgeni ameanza kuidharau nyumba aliyoolewa.

Caren hakubishana na yeyote. Mokeira alipokuwa bado ananyonya, ngozi yake ilikuwa imechubuka viwikoni na nyuma ya magoti, hakulala, akinyonya alijikunja na kulia. Watu walitaja jicho baya, wengine meno. Caren alimfunga mgongoni akaenda naye hospitali ya Homa Bay, akarudi, akaenda tena, mpaka alipompata daktari wa watoto aliyemsikiliza hadithi yake yote toka mwanzo. Vipimo vilipotoka aliambiwa kwamba mwili wa mtoto haupatani na maziwa ya ng'ombe, mayai wala njugu, na kwa kuwa anamnyonyesha, na yeye aviache vyote.

Akaviacha. Katika nyumba ile ya maziwa, yeye alikunywa chai ya rangi. Hakuonja mayai ya kuku aliowafuga mwenyewe, na alipokwenda kwao aliketi mbali na sinia la njugu ambazo alizipenda tangu utotoni. Mtoto alipofikia umri wa kula, Caren alinunua sufuria yake na mwiko wake, akavitenga juu ya rafu. Alisaga wimbi na mtama kwa uji. Alikausha omena, wale dagaa wa ziwani, akawatwanga wakawa unga, akauchanganya kwenye dengu zilizopondwa. Aliponda boga na parachichi vikawa laini kama siagi. Kila alichokuwa anamnyima mtoto kwa upande mmoja, alikitafuta kwa upande mwingine, na siku za kupimwa uzito muuguzi aliwaita wenzake waje kumwona Mokeira alivyonawiri. Na popote walipokwenda, kabla kijiko hakijafika kinywani mwa mtoto, Caren aliuliza: humu mna nini? Watu walimcheka. Wengine walimbandika jina la daktari.

Baada ya zile alama za vidole, Nyangau alitenga shati la kukamulia, akawa hamgusi mtoto kabla ya kuoga. Aliona amefanya makubwa. Kisha simu ikaja kutoka Kosele: mama yake Caren ameanguka na kuvunjika nyonga, na hana mwingine wa kumhudumia. Ulikuwa msimu wa kuvuna njugu. Ua wa kwao ulikuwa umetandazwa njugu kila mahali, watoto wakizibanjua na kutupa maganda hadi sebuleni. Caren hakuweza kumpeleka Mokeira huko.

Alimfundisha mumewe kupika. Alimwonyesha dawa na alama za hatari: sauti ikibadilika, akikohoa bila mafua, akitapika ghafla, akilegea, usingoje, mkimbize kituo cha afya. Alirudia maneno hayo hata akiwa amekwisha kubeba mkoba. Kisha akaondoka akitazama nyuma.

Nyangau alidhani kazi ni kupika. Kupika alikuweza, ingawa uji wake wa kwanza ulishika mabonge na Mokeira akamtemea mkononi. Kilichomshangaza ni kule kuwa macho. Hakujua kwamba maziwa yamo kwenye mkate fulani na hayamo kwenye mwingine, yamo kwenye biskuti, yamo kwenye kijiko kilichokoroga chai na kuwekwa tu mezani. Jirani alipita na mandazi, akammegea mtoto. Watoto wa jirani walikuja na midomo yenye njugu wakataka kumbusu. Muuzaji wa duka alimpa peremende kama zawadi. Kila mtu aliyempenda Mokeira alitaka kumtia kitu kinywani, maana hakuna njia nyingine iliyo rahisi ya kumpenda mtoto wa watu. Hatari haikutoka kwa watu wabaya. Ilitoka kwa watu wema wenye vikombe mikononi. Nyangau alijikuta akiwakatalia wema huo kutwa nzima, akiona nyuso zikikunjamana, na jioni alikuwa amechoka kuliko siku za kuswaga ng'ombe. Alijiuliza mkewe alikuwa akiipata wapi ile sauti ya upole.

Sabato ilipofika, alimchukua Mokeira kanisani, Susana akiwa ametangulia. Baada ya ibada waumini walikula pamoja chini ya turubai, kila nyumba ikileta chungu chake. Nyangau alijihadhari. Alilipita birika la chai, akaipita mikate, akalipita bakuli la mayai. Alikuwa amebeba chakula cha mtoto, lakini Mokeira alikuwa amekikinai, akawa analilia sahani za wenzake, na watu wakaanza kutazama. Ndipo Edith, mama mpole aliyesimamia mapishi ya kanisa, alipopakua managu na ugali, akamsogezea. Nyangau aliyatazama. Mboga za majani, za kijani kibichi, hazina hata tone jeupe. Alishukuru, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, na Mokeira akala kwa hamu.

Hakukumbuka kwamba mama yake, na kila mama wa huko, huchemsha managu kwa maziwa ili kuyatoa uchungu, na maziwa hayo hukaukia ndani ya mboga yasionekane.

Mokeira alijikuna shingo kwanza. Kisha midomo ikavimba. Alikohoa, akatapika juu ya nguo nyeupe za ibada, na alipojaribu kulia, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. Nyangau hakungoja. Alimnyakua, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva kituo cha afya, na njia nzima akawa anamsemesha mtoto ili ajue kama bado anamsikia.

Daktari wa zamu aliitwa Clifford, kijana asiyepoteza maneno. Alisikia "maziwa", akamtazama mtoto mara moja, akamdunga sindano pajani. Wakamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha hewa. Nyangau alimshikilia miguu, akihisi ulegevu wake, na kwa kitambo ambacho hakujua urefu wake hakuna kilichobadilika. Halafu Mokeira alivuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Clifford akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba hali hiyo huweza kurejea hata baada ya nafuu, kwa hiyo angewapeleka hospitali ya Migori mtoto akaangaliwe hadi kesho yake. Gari lilikuwa njiani.

Wakati wakilisubiri, Nyangau alimpigia mkewe simu.

"Mama Mokeira," alisema, "nimemlisha managu yaliyopikwa kwa maziwa. Sikuuliza."

Kwa mbali, ndani ya simu, alisikia maganda ya njugu yakipasuka mikononi mwa watu.

"Amedungwa sindano?"

"Amedungwa."

"Weka simu karibu na mdomo wake."

Akaiweka. Mokeira alikuwa amesinzia, midomo bado minene, na Nyangau alishikilia simu pale mpaka mkono ukamfa ganzi. Huko Kosele, Caren alikuwa amewanyamazisha watu wote uani. Alisikiliza pumzi za bintiye moja baada ya nyingine, kama mtu anayepitisha nafaka kiganjani akitafuta mchanga. Hatimaye akasema, "Sawa. Hewa inapita vizuri. Usikubali kuondoka Migori kabla hawajakuruhusu, hata ukimwona anacheza."

"Nimekusikia."

"Na wewe, umekula?"

Nyangau alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mkewe, angeipokea. Hili hakujiandaa nalo. Aliinama juu ya kitanda kile cha chuma, simu sikioni, akilia, na mkewe hakukata mpaka aliposikia ametulia.

Susana aliingia akiwa ametembea toka kanisani, viatu vyake vimejaa vumbi. Aliutazama uso wa mjukuu wake kwa muda mrefu. Alikuwa amewalea watoto wengi, wake na wa wengine, wote kwa maziwa.

"Nilidhani Caren anatukataa sisi," alisema.

Mwanawe alimsogezea kiti, na mama yake akakaa kwenye ukingo wake, akaushika mguu mdogo uliochomoza nje ya shuka, akawa nao mpaka gari lilipofika.

Migori walimwangalia Mokeira hadi kesho yake, wakamruhusu akiwa anakimbia kwenye korido. Walipofika nyumbani walimkuta Edith anawangoja. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba, akaanza kuomba msamaha kabla hawajashuka. Nyangau alimwambia kwamba aliyeshika kijiko ni yeye, baba mtu, na kwamba hakuna aliyemwambia Edith chochote ili ajue. Kisha akamweleza yote, kwa taratibu zilezile za Caren, na akagundua kwamba ile sauti ya upole ilikuwa imemjia. Haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ilitokana na kujua kwamba unayezungumza naye angetoa hata macho yake asimdhuru mtoto, ila tu hajui.

Sabato iliyofuata, chini ya turubai lilelile, kila mpishi alisimama nyuma ya chungu chake, na aliyefika na sahani aliambiwa kilichomo. Edith alikuwa ameleta sufuria mpya ndogo. Ndani yake kulikuwa na managu aliyoyachemsha na kuyamwaga maji, akayachemsha tena, bila maziwa. Yalikuwa machungu bado. Susana aliyaonja wa kwanza, akakunja uso, akamtazama mjukuu wake, akachukua tonge la pili. Wale waliokuwa wamezoea kumcheka Caren walipanga foleni wakayaonja pia, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Caren alirudi mchana mmoja, mama yake akiwa amekwisha kuweza kuketi mwenyewe, na jirani mmoja akiwa amekubali kuchukua zamu. Alikuwa amekonda. Aliingia na mkoba wake begani, akasimama katikati ya nyumba akitazama: rafu, sufuria, mwiko, meza iliyopanguswa. Vibuyu vya maziwa havikuwapo mahali pake pa siku zote. Susana alikuwa amevihamishia nyumbani kwake ng'ambo ya ua, bila kuombwa na mtu. Mokeira alikuwa amekaa kwenye kigoda, kifua kimefungwa kitambaa, na Nyangau mbele yake akipoza dengu na omena kwa kupulizia.

Mtoto alipomwona mama yake alipiga kelele za furaha. Caren alimkumbatia, akamnusa shingo, akamgeuza viwiko na magoti, akamrudisha kigodani. Kisha akakaa chini, akaegemeza mgongo ukutani, viatu bado miguuni, na kumtazama mumewe akilisha. Aliangalia kijiko cha kwanza kikiingia, na cha pili. Nyangau alijua anaangaliwa, wala hakuinua kichwa. Alijua pia swali linalokuja, na jibu lake alikuwa nalo tayari, kitu kwa kitu.

Swali halikuja. Alipogeuka, aliona kichwa cha Caren kimelala upande, mkono umeanguka wazi juu ya sakafu, mdomo uko wazi kidogo. Alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, mtoto wake akiwa anakula.

Mokeira alimnyoshea kidole mama yake, akataka kumwita. Nyangau aliweka kidole chake midomoni. Mtoto akamwiga, akafikiri kidogo, kisha akageuka na kufungua kinywa.