Vitundu vya Utepe

Nyumba nzima ilimwita Bi Harusi, ingawa harusi yenyewe ilishakuwa habari ya kale na bwana harusi alikuwa mji mwingine, anapiga randa kwenye karakana ya samani. Alimwacha mkewe kwa mama yake kwa muda kidogo tu. Muda kidogo wa wanaume mnaujua.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa mablanketi ya watoto wachanga. Mama mkwe aliyafuma kwa kroshia, ile sindano yenye ndoana, akiacha ukingoni mstari wa vitundu. Bi Harusi alipitisha utepe humo, chini, juu, chini, juu, mpaka azunguke pande zote, kisha akafunga ua kwenye kona. Macho ya mama mkwe yalikuwa yanakwisha. Kufuma alifuma kwa kupapasa, na hakuna aliyemfikia, lakini utepe ulimshinda. Na bila utepe mwenye duka la nguo za watoto hakuchukua kitu. Alisema blanketi tupu ni dekio.

Basi mume alipopiga simu kwamba amepata chumba chenye dirisha la maana, sharti likawa moja. “Mama tusimwache hivihivi,” alisema. “Mfundishe dada. Akishaweza, funga mizigo uje.”

Dada huyo, wifi yake Bi Harusi, aliitwa Chapuchapu, na jina halikumwonea. Alifagia chapuchapu, vumbi likabaki linamshangaa. Utepe wake wa kwanza aliukaza kama kamba ya mbuzi, blanketi likajikunja lote.

“Sufu inavutika, utepe hauvutiki,” Bi Harusi alimwambia. “Kila kona acha ulegevu kidogo, mtoto akilivuta lisiharibike.”

“Mtoto gani huyo, wifi, mwenye nguvu za mpagazi?”

“Chomoa, uanze upya.”

Walicheka. Bi Harusi alikuwa na subira ya mtu anayeuona mlango. Na Chapuchapu, huwezi kuamini, akashika. Blanketi la manjano alilimaliza vizuri, hata mwenye duka alipopita kukagua hakujua kwamba mkono umebadilika. Akasema atayachukua yote kwa pamoja. Siku hiyo Bi Harusi alivuta sanduku lake kutoka uvunguni akalipangusa.

Halafu mambo yakaharibika. Kwenye blanketi lililofuata, pini ya kupitishia utepe ilikataa kuingia. Chapuchapu alisukuma, utepe ukachanika, akatupa kazi chini. “Mimi sina mkono wa kitu hiki,” alisema, akatoka. La pili vilevile. Bi Harusi akayamaliza mwenyewe kwa jasho, akiivuta pini kwa meno.

“Mwache, mwanangu,” mama mkwe aliguna kwa huruma. “Kuna mikono na mikono.”

Sanduku likarudi uvunguni, mume akaambiwa bado kidogo. Nyumba ilimkaba. Aliichukia harufu ya sufu, akachukia hata kuitwa mwanangu, kisha akajichukia kwa kuchukia.

Asubuhi moja, akipanga mablanketi, aliweka la manjano juu ya jipya, ukingo kwa ukingo. Vitundu vya la manjano vilipitisha kidole chake cha mwisho. Vya lile jipya havikupitisha hata punje ya mchele. Akageuka kutazama mkono wa mama mkwe. Kroshia aliyoshika ilikuwa ile nyembamba, ya kufumia vitambaa vya meza.

“Mama, kroshia nene iko wapi?”

“Ipo.”

“Ipo wapi?”

“Nimeikalia,” mama mkwe alisema, akiendelea kufuma.

“Nimefundisha mpaka koo limenikauka. Chapuchapu anajiona mjinga. Mimi nikadhani mikono yangu ndiyo mibovu. Kumbe ni wewe, mama.”

“Ni mimi.”

Bi Harusi alikuwa na maneno tele. Laiti mkwewe angekana, laiti angefoka. Mtu akikufokea unabeba sanduku unatoka. Lakini mama mkwe aliweka kazi mapajani, akamgeuzia uso, macho yakimkosa kidogo.

“Binti yangu hakai, anaingia anatoka. Wewe ukikaa hapo na utepe wako, najua kama kumekucha vizuri, najua nani kapita barabarani, maana unaniambia. Ukienda, nitakuwa kipofu kweli.”

Bi Harusi alijilazimisha. “Naondoka Jumamosi, mama.”

“Nenda. Mumeo anakungoja.” Mama mkwe akavuta uzi, na blanketi alilokuwa analifuma likaanza kufumuka, mstari baada ya mstari. “Nilirudie hili kwa ile nene, mwenzio aliweze. Hili moja tu, halafu uende. Nyoosha mikono nizungushie uzi.”

Alitaka kusema hapana. Lilikuwa neno fupi tu. Akakaa sakafuni mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, na uzi ukaanza kumzunguka.

“Nje kuna mawingu, mama,” alijisikia akisema.

“Enhe,” mama mkwe akaitikia, akiendelea kuzungusha. “Na nani anapita?”