Majivu kwenye Kikombe cha Kauri

Mama alikijaza maji kikombe cha kauri, akakipaka majivu makavu kwa nje, akakiweka kizingitini. "Sasa ngoja," akasema. Ndivyo wanawake wa kijijini kwetu Akheri walivyokagua chungu kipya. Mimi, fundi niliyesomea umeme Arusha mjini, niliguna tu.

Kikombe kile kilikuwa kikishikilia waya kwenye nguzo ya kiwanda cha kahawa. Tangu radi ya mwezi Machi, kila mvua iliponyesha, mashine zilizimika. Nilikishusha, nikakipima kwa kipimo changu cha umeme, nikamwambia meneja, kifua mbele, "Ni kizima kabisa, bwana."

Basi, kama kikombe ni kizima, mwenye kosa ni mtu. Ulikuwa mwaka 1952. Watu wetu, Wameru, walikuwa wametoka kufukuzwa kwenye ardhi yao ya Ngarenanyuki ili wapewe walowezi, na Wazungu waliona mkono wa Mmeru katika kila kilichoharibika. Akakamatwa Sadoki, mtunza nyaya, eti anahujumu kiwanda. Sadoki ndiye aliyenifundisha kupanda nguzo, jamani.

Kesi ilikuwa Jumatatu, na ushahidi ni kauli yangu. Nilirudi nyumbani na kikombe mfukoni, nikamsimulia mama yote. Ndipo mama alipouliza, "Umekijaza maji?"

Majivu yakaloa. Doa moja tu, dogo kama kichwa cha pini. Umeme wa kawaida ukizidi nguvu huruka hewani, ukaizunguka kauri kwa nje. Radi huja ghafla mno, haingoji hewa iipishe, hutoboa katikati. Na tundu lile likiwa kavu, kipimo changu hakikuona kitu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama mama.

Jumatatu nilisimama mbele ya hakimu, nikasema nimekosea. Sadoki akaachiwa. Mimi meneja akaninyang'anya kipimo na kazi.

Jioni nilikwenda kwa Sadoki. "Shikamoo, kaka."

Hakuinuka. "Marahaba."

Aliomba kikombe, akakijaza maji mwenyewe, akakipaka majivu ya jikoni kwake. Tukakitazama mpaka doa likatokea.

"Hiki ulikipima mara mbili," akasema. "Mimi ulinipima mara moja."

Alimwaga maji uani, akamwita mkewe, Susana, alete maziwa ya watu wawili.