Kikombe cha Breki

Kopo lilikuwa na picha ya mzee anayecheka, mikono imejaa kama ya kijana. Winchi, mpagazi mstaafu, aliitazama kila asubuhi kwa chuki. Mzee yule wa pichani hajawahi kubeba gunia hata siku moja.

Kopo lililetwa na binti wa Winchi. Muuguzi alikuwa amesema wazi: misuli ya miguu inakwisha. Mzee anywe unga huu wa protini kwenye maziwa, na kila siku ajizoeze kuinuka kitini bila kushika kitu, maana unga peke yake hausaidii. Akirudi akamkuta hawezi kuinuka, basi mambo ya kuishi peke yake yamekwisha. Atahamia kwa bintiye, na chumba hiki chenye dirisha linalotazama geti la ghala atapewa mpangaji mwingine.

"Baba, hili kopo linakwisha mbiombio. Unaulamba huu unga?"

"Nakunywa."

"Unakunywa, mbona miguu ni vijiti vilevile?"

Winchi akageukia dirishani. Angeanzia wapi kumweleza?

Kule ghalani walibeba wawiliwawili, yeye na Breki, aliyekuwa kama mdogo wake. Chai waligawana, mkate waligawana, na gunia vilevile. Mmoja anasema "nipo", mwenzake anajibu "nipo", ndipo mzigo unapanda. Na haushuki mpaka Breki aseme "shusha". Miaka yote hiyo hakuna aliyeumia. Kisha akaja bwana mmoja na tai yake, akaona watu wawili chini ya mzigo mmoja, akaita hasara. Ikatangazwa: gunia moja, mtu mmoja. Winchi alikuwa upande wa pili wa ghala aliposikia Breki akisema "nipo" kwa mazoea, pasiwe na wa kumjibu. Gunia likamlalia. Kampuni ikatuma maua, na kesho yake gunia lilelile likabebwa na mtu mwingine. Mjini wamesahau. Winchi hajasahau, ndiyo maana hataki kulipa kisogo geti lile.

Siku moja binti aliingia bila kubisha, akakuta vikombe viwili vya maziwa yenye unga ule. Kimoja mkononi mwa baba, kingine dirishani.

"Hicho cha nani?"

"Cha Breki."

Binti akaketi taratibu kitandani. "Baba mdogo alishakufa, baba."

"Najua. Jeneza nililibeba mimi. Lakini jioni kikombe hukikuta kitupu, na dirisha hilo halifunguki."

Binti alitazama dirisha lililopigiliwa misumari, akajikunyata kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Unga huu ni wa wenye miguu. Mwombe akuachie."

Winchi akageukia dirisha. "Ndugu yangu, niazime fungu lako. Nisipoinuka, hapa hatabaki wa kulitazama lile geti."

Tangu hapo akawa anakunywa vyote viwili, na kila siku akipambana na kiti, akikitukana, akianza upya. Kidogokidogo mapaja yakakaza.

Muuguzi aliporudi, Winchi alikunja mikono kifuani. "Nipo," akasema, akajiinua, akasimama wima.

"Safi sana, mzee wangu," muuguzi akasema. "Hapa huhami. Haya, kaa sasa."

Winchi hakukaa. Jasho likamchuruzika shingoni, akaanza kuyumba.

"Mzee, nimesema kaa. Utaanguka."

"Bado hajasema."

Binti alikuwa ameelewa. Akasogea karibu, akamnong'oneza, "Shusha, baba."

"Siyo wewe."

Wakasimama hivyo, hakuna aliyethubutu kumgusa. Ndipo sauti ikatoka upande wa dirishani, nzito, imekabwa, kama ya mtu aliyelemewa na mzigo mgongoni.

Muuguzi akageuka ghafla. Hapakuwa na kitu ila kikombe.

"Nani amesema shusha?"

Winchi alikuwa ameshakaa.