Bi Mwanamwema na Mlango wa Gereji

Mwanamwema alikuwa na wivu, na hilo halikuwa siri ya mtu. Mtaa mzima wa Vuga ulijua, tangu wauza kahawa mpaka mwadhini. Mwenyewe wala hakuona haya. Akiambiwa apunguze, hujibu, "Nnao wivu, ndiyo. Mume si bomba la mtaani, kila apitaye akinge ndoo."

Mumewe, Gharib, alikuwa dalali wa karafuu. Miaka ile ya hamsini karafuu ilipopanda bei, madalali walinenepa, na Gharib hakutaka kubaki nyuma. Alinunua motokaa, Moris nyeusi kuukuu, kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Chini ya nyumba yao palikuwa na ghala. Akatoa magunia, akabomoa ukuta wa mbele, akatia mlango mpana wa mvule wa kufunguka huku na huku, na ghala likawa gereji.

Sasa wewe unajua hewa yetu ya pwani ilivyo. Chuma hakikai. Masika moja tu ilipita, bawaba zikashika kutu, na mlango ukaanza kulia utadhani mbuzi anachinjwa kwa kisu butu. Ukifunguliwa alfajiri, mtaa mzima unaamka.

Gharib aliupenda mlango ule kupita kiasi. Kila Ijumaa asubuhi huvaa msuli na fulana, akafagia mchanga chini ya kizingiti, akafuta mbao kwa kitambaa cha maji matamu kuondoa chumvi, akapangusa komeo, halafu akapaka bawaba grisi kwa unyoya wa kuku. Akimaliza, unyoya huuchomeka nyuma ya bawaba ya juu, hapo ndipo mahala pake.

"Mlango hutunzwa kama mke," alizoea kusema.

"Basi mimi sina bahati," Mwanamwema humjibu kutoka juu. "Sikuumbwa na bawaba."

Ukweli ni kwamba Mwanamwema aliupenda mlango ule kuliko alivyoupenda mumewe, lakini aliupenda ukilia. Gari likitoka, yeye yuko jikoni, yuko darini, yuko hata chooni, atasikia, kwani injini za magari hufanana lakini kilio kile hakina mfano. Mbio dirishani. Likenda mkono wa kulia, hiyo njia ya Malindi, kazini, moyo unatua. Likenda kushoto, njia ya Mbweni, basi siku hiyo hata chai haishuki. Kuna nini Mbweni? Kuna nani? Jioni Gharib akirudi hana hata nafasi ya kuvua viatu, maswali yanamngoja mlangoni.

Na grisi ndiyo iliyokuwa adui yake, kwa sababu grisi ilimziba mdomo mlinzi wake. Kwa hiyo kila Jumamosi, Gharib akishakwenda Malindi, Mwanamwema huteremka kwa mlango wa uani na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya mche, majivu ya jikoni na kumbi la nazi. Anazisugua bawaba mpaka jasho linamtoka. Mikono imechubuka, kucha zimeingia weusi, yeye hajali. Gari likirudi, mbuzi analia tena, naye huko juu anatabasamu peke yake.

"Dada, utakosha bawaba mpaka lini?" alimwuliza mdogo wake, Mwanaasha, siku alipomkuta na lile kumbi mkononi.

"Mpaka azeeke."

"Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda."

"Nimekonda mimi? Nitazame vizuri!"

Masikini Gharib hakuelewa. Alikwenda dukani kwa Anwarali, ambako alikuwa akinunua vitu tangu ujana wake, akaweka kopo la grisi juu ya meza kwa kishindo. "Anwarali, grisi yako hii unaichanganya na maji! Nikipaka Ijumaa, Jumapili haipo. Huu ni wizi!"

"Bwana Gharib," Anwarali akasema, na wateja wote wakisikiliza, "grisi hii hii nnawauzia wenye malori. Malori hayajalia. Huo mlango wako una shetani, kautilie ubani."

Wakaachana vibaya. Salamu zikakatika, wakawa wakipishana barabarani kila mtu anatazama upande wake.

Baada ya hapo Gharib akapunguza kutoka na gari. Ati petroli ghali, ati tumbo limemtoka, bora atembee. Akenda msikitini kwa miguu, barazani kwa miguu. Moris ikakaa gerejini ikashika vumbi. Mwanamwema alishukuru Mungu. Mlango umenyamaza, mume ametulia, yeye anataka nini tena? Akaanza hata kunenepa kidogo.

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Mwatima, mjane wa karani mmoja wa forodhani, mdogo kwa Mwanamwema, mpole, anajipatia riziki kwa kushona kofia. Siku hizo Mwatima alikuwa na mazoea mapya, kumletea Mwanamwema mkate wa mchele, mara mkate wa mayai. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Basi alasiri moja Mwanamwema alitia visheti katika sahani ya Mwatima, akajitanda buibui, akaenda kuirudisha mwenyewe.

Akapiga hodi. Mlango ukafunguka.

Mwanamwema akabaki pale pale kizingitini. Mlango wa Mwatima aliujua. Tangu mumewe alipokufa hakuna aliyeushughulikia, ulikuwa ukipiga kelele kuliko ule wa gereji. Leo umefunguka kimya. Akachungulia nyuma ya ubao. Bawaba nyeusi, zinang'aa, mbichi. Na nyuma ya bawaba ya juu, unyoya wa kuku.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema. Karibu ndani."

"Aliyekupakia mlango nani, Mwatima?"

Mwatima akaipokea sahani, akavitazama visheti. "Mie nlijua unajua."

"Nijue nini?"

"Bwana aliniambia keshakwambia kuwa kanioa, na wewe umeridhi. Ndiyo maana nikawa nakuletea mikate, Bi. Nlitaka tukae kwa wema."

"Tangu lini?"

"Tangu Mfunguo Tatu, mwezi ule wa Hija."

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, lakini anayeumwa ndiye ajuaye. Mfunguo Tatu! Miezi yote ile yeye yuko magotini na majivu, anamlinda mume asitoke na gari, kumbe mume anatoka na miguu yake miwili, milango mitatu tu! Damu ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alitaka kumrukia Mwatima ampasue, alitaka kukaa chini alie, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alisema tu, "Haya, visheti vyako hivyo," akageuka.

Gharib alikuwa amekaa sebuleni, ametoka kusali alasiri. Alipouona uso wa mkewe akajua limeshamwagika.

"Mwanamwema, sikiliza, nlitaka nikwambie kwa utaratibu…"

"Utaratibu! Mimi kila Jumamosi nakosha bawaba zako kwa majivu, nisikie gari likitoka, na wewe unakwenda kwa miguu!"

Gharib alikuwa tayari kuomba radhi, mdomo ameshaufungua. Akaufunga. "Unakosha nini?"

"Bawaba!"

"Ni wewe?" Akasimama. "Ni wewe unayeniondolea grisi? Nimemwita Anwarali mwizi mbele za watu! Mtu wa watu! Nimemvunjia heshima yake kwa ajili ya kumbi lako la nazi?"

Loh! Mwanamume kakamatwa ana mke wa siri, na yeye ndiye anayeudhika! Wanaume nyie mna vichwa vya namna gani? Walipigizana kelele mpaka magharibi, mmoja analia mke mwenza, mwengine analia grisi.

Wazee wakaitwa. Sheria imemruhusu, wakasema, lakini sheria hiyo hiyo haikumruhusu kujificha wala kupendelea. Zamu iwekwe wazi: siku mbili huku, siku mbili kule, pasiwe na hila. Mwanaasha akamshauri dada yake aombe talaka. "Nimwachie Mwatima nyumba na mume kwa pamoja?" Mwanamwema akasema. "Thubutu!"

Siku za Mwatima zilikuwa moto. Mwanamwema alipanda darini akatazama moshi wa jiko la nyumba ya tatu, akanusa, akakisia. Leo kampikia kuku. Kuku gani, chumvi hajui kutia! Akihisi wanacheka, chakula kinamkwama. Akihisi kimya, ndiyo vibaya zaidi. Alimchukia Mwatima, alimchukia mpaka kivuli chake, alimwombea alie kama alivyolizwa yeye. Lakini mwenzangu, kulikuwa na raha moja ndani ya adhabu ile: alijua mume alipo. Siku zile hayuko kwake, yuko pale, nyuma ya mlango ule. Wivu wake ulipata anwani, naye akaanza kulala usingizi.

Na Gharib alikuwa mwadilifu wa kupigiwa mfano. Zamu ikifika, huyo, hakosi hata dakika. Akija kwake huja na tambuu, huja na halua. Mwanamwema akalainika kidogo kidogo. Siku moja akajitanda buibui akaenda mwenyewe kwa Anwarali, akamwomba radhi kwa niaba ya mumewe, akanunua kopo jipya la grisi. Akateremka gerejini. Akakwangua kutu yote kwa kisu, akafuta, akatafuta unyoya mzuri wa jogoo, akapaka bawaba zote za mlango mpaka zikameza grisi zikashiba. Akafungua, akafunga. Akafungua tena. Kimya. Gharib alipoona alifurahi kama mtoto wa Idi, akambusu kipaji cha uso.

"Sasa ndiyo umekuwa mke," akamwambia.

Ikapita miezi. Siku moja, zamu ya Mwatima, Mwanamwema akapika pweza wa nazi. Kwa nini alipika pweza siku isiyokuwa yake, mwenyewe alijua. Alitaka Gharib ale pweza wa kweli mbele ya yule wa kofia, na yule wa kofia atazame. Akafunika bakuli kwa kawa, akaenda.

"Shikamoo, Bi." Mwatima alikuwa na sindano midomoni. Akaitoa. "Mungu wangu, umetembea! Mguu haukuumi?"

"Mguu gani? Mwite bwana aje ale pweza wake."

"Bwana yuko kwako."

"Kwangu ana nini? Leo siku yako."

Mwatima akamtazama miguuni, akamtazama usoni. "Kaniambia ulianguka ngazini ukateguka. Kaniambia nimwachie siku zangu akuuguze mpaka upone. Wiki ya pili sasa, Bi. Kila sala nakuombea."

Mwanamwema akasimama na bakuli lake, miguu yake mizima chini. Kwake, wiki zote hizo mbili, Gharib alikuja siku zake tu. Siku zile nyingine aliaga, ati anakwenda kwa Mwatima. Mwanamwema akaletewa salamu kutoka kwa Mwatima. Akala halua.

Mwatima akavuta buibui lake ukutani, wakaenda wote wawili mpaka gerejini kuangalia gari. Mwanamwema akasukuma mlango kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa na bakuli. Ukafunguka kwa ule msukumo mdogo tu, wala haukutoa sauti. Ndani mlikuwa na doa la mafuta sakafuni. Gari halikuwamo.

"Lakini mlango huu ulikuwa unalia," Mwatima alisema. "Hata kwangu nikiusikia. Nani kaunyamazisha hivi?"

"Mimi."

Mwatima akakaa kwenye kizingiti akaanza kulia, kwanza polepole, halafu kwa sauti, uso umeingia ndani ya buibui. Mwanamwema alikijua kilio kile, ndicho alichomwombea siku nyingi. Sasa alingoja furaha yake ije, na haikuja. Pweza alikuwa akipoa mikononi mwake.

"Kenda wapi, Bi Mwanamwema?" Mwatima akauliza. "Kwa nani?"

Mwanamwema akatoka nje, akautazama mtaa upande wa Malindi, akautazama upande wa Mbweni. Nyumba zilikuwa zimefunga milango yao, mingi, mikubwa na midogo, na yeye hakujua aanze kuuchukia upi.