Maji Matupu Yalipowaka

Haya, wewe uliyekaa hapo, nikutegee. Anaingia mmoja chumbani, tena kipande tu cha kiumbe, mlango unafungwa. Anapigwa joto, anapozwa, anapigwa joto, anapozwa, mara arobaini. Hana mke wala mume, lakini ukichungulia baada ya saa moja na nusu, wamejaa humo mpaka hesabu inakushinda. Ni nani huyo? Fikiri polepole, wala sikudai mji ukishindwa. Hata Mama Darubini, aliyewinda vijidudu miaka ishirini na saba, kitendawili hicho alikijua nusu, na ile nusu aliyoikosa nusura imponze yeye na mwanawe pamoja.

Mama Darubini alikuwa msoma makohozi katika maabara ya hospitali. Usikunje uso, ni kazi ya heshima. Akiletewa kikopo cha mgonjwa anayeshukiwa kifua kikuu, anapaka makohozi kidogo kwenye kioo, anakichoma kwa moto wa taa, anamwaga rangi nyekundu, anaiosha, anamalizia na ya buluu. Kisha anainama kwenye darubini kuwatafuta: vijiti vyekundu, vyembamba, kwenye uwanja wa buluu. Wenzake wakisoma sehemu hamsini za kioo wanaona wamemaliza. Yeye hakuandika "hakuna" kabla ya kufika mia. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Jumatatu asubuhi mlango wa maabara ulisukumwa kwa kiwiko. Aliyeingia alikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho, amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzie. Ndani yake ilikuwa mashine ya PCR ya papo kwa papo, ya kutambua vijidudu kwa vinasaba vyao, nyeupe, ndogo kuliko cherehani.

Kitinda alikuwa akiuza mashine hizo. Alipoanza, miaka mingi nyuma, alikuwa akiingia maabara kumi, tisa kati ya hizo zinamwambia aache makaratasi yake mezani, watampigia simu. Hawakupiga. Mashine yenyewe wakati huo ilikuwa kubwa kama kabati, na dawa zake za kupimia zilitaka friji kali ambalo umeme ukikatika mara mbili, kwisha habari. Halafu ukaja ule ugonjwa wa kupimwa puani, dunia nzima ikajifunza zile herufi tatu, hadi wauza nguo barabarani wakawa wanaulizana majibu ya PCR. Tangu hapo mambo yakageuka. Mashine zikapungua mwili, dawa zikaja zimekaushwa kama unga zisizotaka baridi, kampuni zikaanza kunyang'anyana wateja. Sasa simu ya Kitinda ndiyo inayotafutwa. Wiki hiyo hiyo hospitali mbili nyingine zilikuwa zinaisubiri mashine aliyoibeba.

Mama Darubini aliizunguka mara mbili, mikono nyuma. Alimuuliza mwanawe kama dawa zake zinapatikana kwake peke yake, maana alisikia kuna kampuni zinakupa mashine bure kama zawadi, halafu unabaki kununua dawa kwao maisha yako yote kama mtu aliyeozeshwa. Kitinda akacheka, akamwambia wapo wa namna hiyo, tena wengi, ila hii inakubali dawa ya yeyote. Mama akasema vizuri, na asimwite "mama" hapa kazini, amwite kama wanavyomwita wengine. Kitinda akaitikia, "Sawa, mama."

Mkuu wa maabara alikuja kuiangalia. Alikuwa mwanamume mrefu aliyezoea kuinama hata kwenye milango iliyomzidi urefu. Akaeleza kwamba mashine iko pale kwa majaribio hadi Ijumaa, basi. Sampuli zao ngumu zilikuwa zinasafirishwa hadi maabara kuu, na majibu yalirudi baada ya wiki tatu, mengine yakamkuta mgonjwa hayupo tena. Akamgeukia Mama Darubini.

"Ijumaa nitasaini karatasi moja tu," alisema. "Ibaki au irudi? Neno lako ndilo nitakaloandika."

"Uniulize Ijumaa," alijibu.

Swali likabaki likining'inia. Na lilimkaa vibaya, maana maabara nzima ilijua muuzaji ametoka tumboni mwa nani. Akisema ibaki, watasema ni damu iliyosema. Akisema irudi ili asisemwe, wagonjwa watarudi kwenye wiki tatu zao. Akajiapiza kwamba hatasema lolote asilolihakikisha kwa macho yake mawili.

Jumanne wakaiwasha. Kitinda alichanganya dawa na sampuli katika vichupa vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Kumi vilikuwa vya wagonjwa waliokwisha kusomwa kwa darubini. Cha kumi na moja kilikuwa na ugonjwa unaojulikana. Cha kumi na mbili kilikuwa na maji matupu, cha kuipima mashine uaminifu: hicho kisiwake, yaani kisionyeshe ugonjwa, hata iweje. Akavifunga, akavipanga ndani, akabonyeza.

Mezani kwenye kioo cha kompyuta mistari kumi na miwili ilianza kutambaa chini, imelala. Mzunguko wa kumi wa kupashwa joto na kupozwa, wa kumi na tano, hakuna. Mama Darubini alikuwa ameshavua miwani akisema angekuwa ameshasoma vioo vitatu. Wa kumi na tisa, mstari mmoja ukainua kichwa. Ukapanda. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine, kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Miwani ikarudi usoni. Kitinda alimweleza kwamba anayepanda mapema ndiye mwenye vijidudu vingi, anayechelewa anavyo kidogo, na asiyepanda hana. Mama akaanza kuwashangilia kwa namba zao bila kujijua, mpaka Redio akaja kuchungulia.

Redio alikuwa mama wa dirisha la kupokea sampuli, na jina lake halihitaji maelezo.

Kufika mzunguko wa thelathini na tatu, wawili ambao Mama Darubini aliwaandikia "hakuna" wakapanda. Mama Darubini alikwenda kabatini, akatoa vioo vyao, akasoma mia, mia mbili, mia tatu. Kwenye kioo cha kwanza, karibu na ukingo, akakikuta: kijiti kimoja, chekundu, kimejilaza peke yake. Kwenye kioo cha pili hakuona kitu. Je, mashine imeona alichoshindwa yeye, au imesingizia?

Kitinda alikuwa nje akizungumza na wateja kwenye simu. Ndipo Mama Darubini akafanya ambacho asingekifanya mtu mwingine ila aliyekaa na darubini miaka ishirini na saba. Alivitoa vile vichupa viwili, akavifungua mezani hapo hapo, akadondosha tone tone kwenye vioo, akapaka rangi, akainama kuwatazama hao waliozaliana. Hakuona kijiti wala uzi. Akavitupa, akafuta meza kwa kitambaa cha maji, akaenda zake nyumbani.

Jumatano maji yaliwaka.

Siyo maji tu. Vichupa vyote kumi na viwili vilipanda, vimebebana. Kitinda akarudia na dawa mpya, vikapanda tena. Alhamisi asubuhi hivyo hivyo. Redio akapata habari ya kutangaza: kwamba mashine ya binti inaona kifua kikuu kwenye maji ya bomba, wakiisogeza dirishani itaipima na mvua. Watu wakacheka mpaka kwenye ngazi. Kitinda hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati limemganda mgongoni, akiihakiki mashine skrubu kwa skrubu. Mkuu alikuja, akamwambia kwa upole kwamba kesho maji yakiwaka tena hatakuwa na la kufanya, ataiacha iende kwa wanaoingoja.

Mchana huo Redio alimletea Kitinda maji ya kunywa, maana mdomo wake ni mkali lakini roho si mbaya, akamuuliza ni jini gani limeingia humo. Kitinda akamweleza akiwa amechoka. Alisema ndani ya kichupa kile kipande kimoja cha vinasaba vya kijidudu kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, mpaka mabilioni, na hao hawadhuru mtu, wapo kama picha za mwizi, siyo mwizi. Lakini kifuniko kikifunguliwa baada ya kazi wanatoka na hewa, wanatua mezani, kwenye koti, kwenye glavu. Kesho ukichanganya dawa hapo, unawarudisha ndani. Maji nayo yanapata picha.

"Lakini nani afungue?" alimalizia Kitinda. "Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua."

Mama Darubini alikuwa kwenye sinki akiosha vioo. Alifunga bomba. Akaweka kioo chini taratibu.

"Vile viwili vya Jumanne nilivifungua mimi," alisema.

Kitinda alimtazama mama yake, akatazama meza, akatazama darubini. "Ulitaka kuwaona?"

"Nilitaka kuwaona. Nimewatazama wenzao tangu hujazaliwa. Ningesemaje ibaki bila kuwaona?"

Kitinda akainama, mabega yakaanza kucheza. Mama alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akafuta macho, akakiri lake. Alisema katika kila maabara anayoingia, neno lake la kwanza kabla hata ya salamu kumalizika ni hilo: usifungue. Hapa tu hakulisema. Alisimama mlangoni Jumatatu akamwona mama yake, akaona haya. Angemfundisha nini kazini mtu aliyemfundisha kushika kijiko?

"Basi nifundishe sasa," alisema Mama Darubini, akakunja mikono ya koti.

Hakukuwa na muda wa kuoneana haya tena. Mama Darubini alikwenda mwenyewe kwa Mkuu kumweleza, na Mkuu alisikiliza amesimama, akauliza kitu kimoja tu, nini kinatakiwa. Kilitakiwa kila kitu. Walimwaga dawa ya kuondoa madoa kwenye meza, kwenye vipini vya milango, hata kwenye vitasa vya kabati. Makoti yakaenda kufuliwa, glavu zote zilizofunguliwa zikatupwa. Redio alitoa ndoo na majembe kwenye chumba cha stoo na kukigeuza chumba cha kuchanganyia dawa. Mama Darubini alichora mshale sakafuni kwa utepe: stoo kwanza, kisha meza ya sampuli, kisha mashine, na aliyefika kwenye mashine haruhusiwi kurudi nyuma siku hiyo. Alimzuia Mkuu mwenyewe kwa kumnyooshea ufagio, na Mkuu akazunguka kupitia nje.

Ijumaa saa nne wakabonyeza. Safari hii walisimama wanne, na hakuna aliyewaangalia wagonjwa. Wote walikodoa macho kwenye mstari wa kumi na mbili. Wa ugonjwa unaojulikana ulipanda kwa wakati wake. Wagonjwa wakafuata, wengine mapema, wengine wamechelewa, yule wa kioo cha pili akapanda palepale pa Jumanne, mzunguko wa thelathini na tatu. Redio alianza kuhesabu kwa sauti. Thelathini na tano, maji yamelala. Thelathini na saba, Kitinda amemshika mama yake mkono bila kuangalia. Thelathini na tisa. Mstari ukatikisika kidogo kama unataka kusema kitu, kisha ukatulia. Arobaini. Maji yalikuwa maji.

Redio alimkumbatia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Mkuu. Kitinda aliketi sakafuni, juu ya mshale. Simu yake ikaita, ilikuwa moja ya zile hospitali mbili, akaiacha iite.

Mkuu alijinasua, akatoa kalamu mfukoni, akaitandaza karatasi mezani. "Mama Darubini," alisema, "nilikuuliza jambo Jumatatu. Ibaki au irudi?"

"Ibaki," alisema. "Na uandike kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba aliyeichafua ni mimi, kwa sababu huko mashine nyingine kama hii zinakokwenda kuuzwa, kuna mwingine kama mimi ameshashika kifuniko."